Vogue na fundi wa Ahero

Pale Ahero, njia za Kisumu na Kisii zinapogawana, mteja haendi kwa fundi na mchoro. Anaenda na simu. "Nishonee kama hii," anasema, akiikuza picha kwa vidole viwili, "ila ipite magoti, ni ya kanisa." Fundi anatazama mabega, anatazama kiuno, anauliza kitenge ni yadi ngapi, ndipo anaishusha tepu shingoni.

Kabla ya simu, kazi hiyo ya kupeleka mitindo mbali ilifanywa na majarida, na Vogue ndilo lililovuma kuliko yote. Arthur Turnure alilianzisha New York, toleo la kwanza likitoka tarehe 17 Desemba 1892. Lilikuwa la kila wiki, la matajiri wa mji kuambiana nani kaalikwa wapi na kavaa nini. Ila mapema tu, mwaka 1899, likaanza kuuza karatasi za kukatia nguo, ili msomaji ajishonee nyumbani au ampelekee fundi wake. Kwa hiyo mteja wa Ahero hajazua jambo.

Aliyeligeuza kuwa biashara kubwa ni Condé Nast, aliyelinunua mwaka 1909. Huyu alitoka kwenye kazi ya matangazo, na hesabu yake ilikuwa ya kimya na ya kijanja: usihangaike na wasomaji wengi, tafuta wenye pesa, kisha watoze wenye maduka ili wawafikie. Faida ilikuwa kwenye kurasa za matangazo. Toleo la Uingereza lilifuata 1916, la Ufaransa 1920.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua pia sura ya nani itauza. Mwanamke mweusi wa kwanza kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, Donyale Luna, alitokea Machi 1966, mkono ukimfunika sehemu ya uso. Marekani ilingoja hadi Agosti 1974, kwa Beverly Johnson. Miaka zaidi ya themanini tangu toleo la kwanza! Mwigizaji Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o ambaye baadaye akawa gavana wa Kisumu, alipata jalada la Marekani Julai 2014. Kwa toleo la Oktoba 2016 akawaleta wapiga picha hadi kwao, nchi ya Waluo.

Mwaka 2018, akiwa Lagos, mwanamitindo Naomi Campbell alitaka iwepo Vogue ya Afrika. Haijaja. Sioni kuwa tumepungukiwa na mitindo, wala na wanamitindo. Jarida la namna hii huenda waliko watangazaji wa bidhaa ghali, na pesa ya nguo ya Ahero huishia kwa muuza mitumba, muuza vitenge na fundi, watu ambao hawajawahi kununua hata robo ukurasa wa tangazo.