Bunduki Isiyoumiza Bega la Mlinzi



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mishahara, posho na nyumba za kambi. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya bunduki. Msishtuke, hatutaki vita na mtu. Tunazungumza juu ya chombo cha kazi, kama vile panga la mkata miwa au kikapu cha mchuma chai. Chombo kisichomfaa mtu humwumiza, na bunduki ni hivyo hivyo.

Hapa Uganda wanyama watatu wamehesabiwa kuwa waharibifu wa mazao: nguruwe mwitu, nyani na tumbili. Kila aliyefanya kazi katika shamba la miwa anamjua nguruwe mwitu. Anakuja usiku na jamaa zake, anaangusha miwa, anatafuna kidogo na kukanyaga mengi. Kwa hiyo mashamba makubwa yana walinzi wenye bunduki zilizoandikishwa polisi. Walinzi hao ni wafanyakazi kama sisi, na baadhi yao ni wanachama wetu.

Mmoja wao alilinda shamba moja la miwa kwa miaka kumi na tisa. Siku moja mchana aliambiwa asaidie kupakia miwa ya mbegu. Trela ilisogea ghafula, akaanguka, na bega lake la kulia likateguka. Hospitali walilirudisha mahali pake, wakamfunga mkono shingoni kwa kitambaa. Baada ya wiki sita akarudi kazini. Hakuna aliyemwuliza kama bega limepona. Alipewa bunduki ile ile ya marisawa, kipimo cha 12, kuukuu, kitako chake ni mti mtupu. Usiku wa kwanza nguruwe walikuja. Alipiga mara ya kwanza akasaga meno. Alipiga mara ya pili, bega likatoka tena. Wenzake walimkuta amekaa katika tope, ameshika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto.

Meneja alisema maneno mafupi: asiyeweza kushika bunduki aende akakae getini, na posho ya usiku ataikosa. Ndugu, posho hiyo ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto wake wawili. Alikuja kwetu ofisini akasema, "Katibu, mimi kazi naiweza. Macho yangu mazima, miguu yangu mizima. Bunduki ile ndiyo inayonishinda."

Tulikwenda kwa meneja siku ile ile, na lazima tuseme kweli: tulishindwa. Tulisema mlinzi apewe bunduki nyingine. Meneja akatuuliza, "Ipi?" Tukanyamaza. Akacheka akasema bunduki ni bunduki tu. Tulitoka pale na aibu, tukajifunza kwamba mtetezi asiyejua kazi ya mwanachama wake hawezi kumtetea.

Basi tukamtafuta mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyama pori, sasa amestaafu. Tulikaa naye nyumbani kwake tangu asubuhi mpaka jioni. Haya ndiyo aliyotufundisha.

Kwa nini bunduki hupiga bega? Mzee alisema, "Mmewahi kuruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu? Wewe unakwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Risasi ni wewe, bunduki ni mtumbwi." Risasi nzito inayokwenda kasi, pamoja na moshi wa baruti, huisukuma bunduki nyuma kwa nguvu. Kwa hiyo mambo ya kutazama ni matatu: risasi, uzito wa bunduki, na jinsi bunduki inavyomkaa mtu.

Kwanza, risasi. Bunduki inayotumia risasi ya .243 hupeleka kipande cha gramu 6 na nusu hivi. Ile ya .30-06, ambayo wawindaji wengi wanaipenda, hupeleka kipande cha karibu gramu 12, na pigo lake begani ni kama mara mbili ya .243. Ile ya .375, ambayo ni ya nyati na tembo, hupiga bega mara nne au zaidi. Na bunduki ya marisawa ya kipimo cha 12, ambayo watu wengi huiona kuwa ya kawaida tu, hupiga karibu mara tatu ya .243. Tuliposikia hivyo tukatazamana. Mwenzetu mgonjwa alikuwa amepewa pigo kubwa, na hakuna aliyelijua.

Tukauliza, kwa nini basi asipewe ile ndogo kabisa, ya .22, ambayo haipigi bega hata kidogo? Mzee akakataa. Hiyo inafaa kujifunzia. Kwa nguruwe mwitu ni dhaifu, itamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa gizani ni hatari kwa mlinzi. Nguruwe mwitu mkubwa huweza kupita kilo 100. Kwake .243 yenye risasi nzito kidogo inatosha, ikiwa mpigaji yuko karibu na anapiga mahali penye moyo na mapafu. Nyingine inayofaa ni ile ya zamani ya milimita 7 kwa 57, iliyotengenezwa na Wajerumani tangu miaka ya 1890. Inapiga bega kuliko .243 kidogo, lakini ni pole.

Hapo mzee akatukumbusha habari ya Mskoti aliyeitwa Bell, aliyewinda tembo kule Karamoja mwanzoni mwa miaka ya 1900. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki hiyo ndogo ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga ya kuvunja mabega. Sisi hatumsifu kwa kumaliza tembo wa Karamoja ili pembe ziuzwe Ulaya. Wala siku hizi mtu asijaribu bunduki ndogo kwa wanyama wakali. Nchi kadhaa za Afrika zinataka.375 iwe kima cha chini kwa wanyama hao. Lakini habari yake inaonyesha jambo moja: anayepiga bila kuogopa bunduki yake hulenga vizuri. Anayeiogopa hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi yake inapotea.

Pili, uzito. Bunduki nzito husukumwa nyuma kidogo, nyepesi husukumwa sana. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo 4 hupunguza pigo kwa robo moja ukilinganisha na ya kilo 3. Lakini mlinzi hutembea nayo usiku kucha, na bega bovu halipendi mzigo pia. Kwa hiyo mkanda uvaliwe bega lile zima, na uzito usizidi kiasi.

Tatu, jinsi inavyomkaa mtu. Kitako kikiwa kirefu mno, mkono hunyooka na bega huvutwa. Kikiwa kifupi mno, uso hukaa karibu na darubini ya kulengea, na darubini humpasua nyusi. Fundi mbao anaweza kukikata kitako kirefu na kukitia mpira mnene mwishoni. Mpira huo ni kitu rahisi, na husaidia sana.

Mzee alituonya pia juu ya mambo manne.

Moja, mpigaji asiache nafasi kati ya kitako na bega akidhani anajikinga. Bunduki itapata mwendo na kugonga kama nyundo. Kitako kikae imara penye nyama ya bega, si juu ya mtulinga wala kwenye mkono.

Mbili, asipige akiwa amelala kifudifudi. Mwili uliolala hauwezi kuyumba, pigo lote hubaki begani. Apige akiwa amesimama au ameketi, na bunduki iwekwe juu ya vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja.

Tatu, kuna kifaa chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Hupunguza pigo kweli, lakini huongeza kishindo. Atakayekitumia bila viziba masikio atapona bega na kuwa kiziwi, yeye na mwenzake aliye karibu.

Nne, mtu asifungue risasi ili kupunguza baruti. Kazi hiyo ni ya kiwanda na mafundi wenye vipimo. Bunduki inaweza kupasuka usoni.

Tulirudi kwa meneja tukiwa na barua ya daktari na karatasi yetu ya vipimo. Safari hii hakucheka. Tukamwuliza kuna bunduki gani ghalani. Mtunza ghala akafungua kabati, na ndugu, ilikuwamo .243 imefungwa kwa gunia, haijaguswa kwa muda mrefu! Chombo kilikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Tuliandikiana mapatano yenye mambo matatu. Kampuni itatia mpira kitakoni na kutoa viziba masikio. Mlinzi hatapiga mpaka daktari aruhusu, na ataanza na mazoezi bila risasi, kisha risasi chache kila siku. Na bega likitoka tena, atahamia kitalu cha miwa kwa mshahara wake ule ule.

Daktari alimruhusu baada ya miezi mitatu. Siku ya mazoezi tulikuwapo. Alipiga mara tano. Baada ya ya kwanza alikaa kimya, akageuza bega lake polepole, akatutazama. "Hii hata mama yangu angepiga," akasema. Sasa amerudi zamu ya usiku, na posho yake amerudishiwa.

Lakini tusiseme tumeshinda yote. Fidia ya bega lake bado tunaidai. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema aliyeumia kazini alipwe, na gharama za matibabu ni za mwajiri. Lakini ajali ya kwanza mwenzetu hakuitolea taarifa kwa maandishi. Aliogopa kuonekana mtu wa matata, na sisi wa tawi hatukumfuata kumwuliza. Kosa hilo ni letu pia, na ndilo linalotuchelewesha.

Kwa hiyo wanachama, shikeni haya. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi upesi, mwezi usipite, na tawi libaki na nakala. Ukirudi kazini na kiungo kibovu, usikubali chombo kile kile kabla daktari hajakijua. Mwambie daktari waziwazi: mimi napiga bunduki, au mimi nasukuma toroli, au mimi nanyanyua magunia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya yako kazini. Kusema "panga ni panga" au "bunduki ni bunduki" si jibu.

Na ninyi viongozi wa matawi, kabla hamjagonga mlango wa meneja, jifunzeni kwanza kazi ya yule mnayekwenda kumsemea. Mkiulizwa "ipi?", muwe na jibu.

Umoja ni nguvu.