Dawa ya thairoidi haiachwi kwa sababu umepata nafuu

Na Daktari Wetu

Mama mmoja wa makamo aliletwa kwangu hapa Matinyani, Kitui, na mwanawe anayefanya kazi Nairobi. Alikuwa amekonda ilhali alikula kuliko watu wote nyumbani. Mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika, na usiku alitupa blanketi wakati wengine wanajifunika mawili. Jirani mmoja alisema ni Ukimwi, mwingine akasema amerogwa. Nilipompima, moyo ulipiga mara 130 kwa dakika, na kooni palikuwa na uvimbe mdogo uliopanda na kushuka alipomeza mate.

Vipimo vya damu vilionyesha kuwa tezi ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Tezi hii iliyo mbele ya shingo hutoa homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia nguvu zake. Zikizidi, kila kitu huenda mbio: moyo, tumbo, hata mawazo.

Wengi hudhani kila rovu hutokana na uhaba wa ayodini. Sivyo. Aghalabu tezi inayozidisha kazi huchochewa na kinga ya mwili wenyewe, maradhi yanayoitwa Graves kwa jina la daktari wa Ireland aliyeyaeleza mwaka 1835. Kuongeza chumvi chakulani hakumfai mgonjwa huyu. Wala maradhi haya hayachagui mtu: mwaka 1991 Rais George Bush wa Marekani aligunduliwa kuwa nayo, baada ya mkewe, Barbara, kuyapata.

Nilimwandikia mama vidonge vya kabimazoli, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo (hii haifai kwa mwenye pumu). Baada ya miezi miwili alikuwa amenenepa na analala vizuri. Hapo akaacha dawa. "Amepona, daktari, za nini tena?" mwanawe aliniambia baadaye. Waliporudi, moyo ulikuwa unapiga ovyo bila mpangilio na miguu imevimba. Moyo wa namna hiyo huweza kugandisha damu, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kosa lao ni la kawaida. Kabimazoli haing'oi ugonjwa. Huzuia tezi kutengeneza homoni mpya. Zile zilizokwisha kuwekwa akiba huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, ndiyo maana nafuu huchelewa. Ukiacha mapema, kiwanda hufunguliwa tena. Kwa kawaida dawa humezwa kwa miezi 12 hadi 18.

Kwanza damu hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, kisha kila miezi mitatu hivi hali ikitulia. Gharama naijua, na nauli pia. Lakini bila kipimo daktari anakisia. Dozi ikizidi, tezi hulala na mgonjwa huanza kuhisi baridi, uchovu na kunenepa ovyo. Isitoshe, kipimo cha TSH peke yake hupotosha mwanzoni, kwani huweza kubaki chini kwa miezi hata homoni zenyewe zikiwa zimerudi sawa. Zipimwe pamoja.

Jambo moja halingoji tarehe ya kliniki. Kwa wagonjwa wachache, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, kabimazoli hupunguza mno chembechembe nyeupe za damu zinazopigana na viini. Ukipata homa, maumivu ya koo au vidonda mdomoni, usimeze kidonge kingine. Nenda upimwe hesabu ya damu siku hiyo hiyo. Usikubali kupewa dawa ya mafua tu na kurudishwa nyumbani. Mwanamke anayetaka kushika mimba naye amwone daktari kabla, maana dawa hii huweza kumdhuru mtoto katika miezi ya mwanzo.

Takriban nusu ya wanaomaliza dawa hurudiwa na ugonjwa. Hao huweza kupewa ayodini yenye mnururisho au kupasuliwa, huduma zinazopatikana katika hospitali kubwa za Nairobi. Mama yetu sasa yuko mwezi wa tisa. Majibu yake yote huyaweka katika bahasha moja, na mwanawe humpigia simu wiki moja kabla ya kila kipimo.