Je, Yafaa Serikali Izilipie Shule Zisizo Zake?

Kila siku asubuhi na mapema, njia za Kawangware, Kangemi na Riruta, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, hujaa watoto waliovaa sare za rangi nyingi. Baadhi yao huelekea shule za Serikali. Wengi wengine huingia katika vichochoro na kufika penye majengo ya mabati, ambapo mtu binafsi, kanisa au kikundi cha wenyeji kimefungua shule. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi bila malipo. Lakini mtoto wa kwanza hulipiwa na Serikali, na mtoto wa pili hulipiwa karo na mzazi wake, ambaye huenda akawa ni kibarua au mama muuza mboga.

Kwa hiyo swali hili limeulizwa mara nyingi mitaani, na limefika hata Jogoo House katikati ya mji, yaliko makao ya Wizara ya Elimu: je, yafaa fedha za umma zitumiwe kuzisaidia shule zisizo za Serikali, ili zikue sambamba na zile za Serikali? Jambo hili lina pande mbili, na yafaa kila mzazi azifahamu zote mbili.

SHULE ZA MKATABA

Katika nchi ya Marekani ziko shule zinazoweza kuitwa shule za mkataba. Zilianza kwa sheria ya jimbo la Minnesota ya mwaka 1991, na ya kwanza ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Shule ya namna hii hulipiwa kwa kodi ya wananchi, wala haitozi karo; lakini wasimamizi wake si maofisa wa serikali. Wao hupewa uhuru wa kuchagua walimu na kupanga kazi, nao huahidi kwamba wanafunzi watafikia kiwango fulani. Wakishindwa, mkataba waweza kuvunjwa na shule ikafungwa.

Leo shule hizo zimo katika majimbo zaidi ya 40, lakini ubishi haujaisha. Mnamo Novemba 2016 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walikataa kuziongeza, ingawa wachunguzi walikuwa wameona kwamba shule za mkataba za mji wa Boston zilikuwa zikifundisha vizuri sana. Wengi waliokataa waliogopa kwamba fedha zitakazokwenda huko zitapungua katika shule za kawaida, ambako watoto wengi zaidi wangebaki.

JAMBO HILI SI GENI KENYA

Wazee watakumbuka kwamba Kenya imepata kuwa na mpango unaofanana na huo. Idara ya Elimu ilianzishwa mwaka 1911, lakini kwa miaka mingi shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni. Serikali ilitoa ruzuku kwa shule zilizokubali kukaguliwa na kufuata masharti yake. Shule ya Alliance, iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu, si mbali kupita Dagoretti, ilianzishwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti na kusaidiwa na Serikali.

Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu wengi juu ya mila zao, wananchi walijenga shule zao wenyewe kwa michango. Shule hizo zilisimamiwa na vyama viwili, KISA na Karing'a. Hazikujengwa kwa ruzuku, bali kwa jasho la wazazi. Na katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 zilifungwa. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1967 iliweka Tume ya Kuajiri Walimu, na ile ya mwaka 1968 ikatoa usimamizi wa shule mikononi mwa makanisa, yakabaki kuwa wafadhili tu.

Fundisho la historia hiyo ni wazi. Palipokuwa na ruzuku, palikuwa pia na mkaguzi. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

HALI YA MITAA YA MAGHARIBI

Mnamo Januari 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika nchi nzima. Kila mtoto alitengewa Sh. 1,020 kwa mwaka: Sh. 650 za vitabu na vifaa, na Sh. 370 za matumizi mengine. Baadaye fedha hizo ziliongezwa zikawa Sh. 1,420. Mishahara ya walimu hulipwa kando na Tume.

Neema hiyo ilileta shida yake. Madarasa yalijaa kupita kiasi. Tena, mitaa iliyokua haraka haikuwa imetengewa viwanja vya shule, na penye vibanda vilivyosongamana si rahisi kupata ekari hata moja. Pengo hilo lilizibwa na shule za binafsi za karo ndogo. Katika Kibera peke yake, mwaka 2003, wachunguzi walihesabu shule 76 za namna hiyo zenye wanafunzi zaidi ya 12,000.

Mwaka 2009 Wizara ilitoa sera ya kuzitambua shule hizo kuwa ni njia mbadala ya kutoa elimu ya msingi, kwa kuwa haziwezi kutimiza masharti yote ya shule za kawaida, hasa ya ardhi na majengo. Hivyo swali si kama shule hizo ziwepo au zisiwepo. Zipo tayari. Swali ni nani azilipie, na nani azichunge.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wanaotaka zisaidiwe husema kwamba haki ni ya mtoto, wala si ya jengo. Mzazi wa Kawangware hulipa kodi anaponunua sabuni na mafuta, kisha hulipa karo tena. Fedha za vitabu zikimfuata mtoto popote asomapo, karo itapungua. Tena husema kwamba shule hizo ziko karibu na nyumbani, na mtoto mdogo havuki barabara yenye magari mengi.

Wanaokataa husema kwamba fedha za umma zisiwe faida ya mtu binafsi. Serikali ikianza kuzilipia, huenda ikaona imemaliza wajibu wake, isijenge shule mpya tena. Husema pia kwamba walimu wengi wa shule hizo hulipwa kidogo sana na baadhi yao hawakupata mafunzo. Na tena majengo mengine ni ya hatari. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, sehemu ya jengo la shule moja ya binafsi mtaani Ngando, Dagoretti, iliwaangukia watoto darasani. Saba walikufa siku hiyo. Msiba huo ulionyesha hasara iletwayo na shule kukua pasipo mtu kuichunguza.

MAFUNZO YA NCHI NYINGINE

Uganda ilipoanza kutoa elimu ya sekondari bila ada mwaka 2007, ilizilipa shule nyingi za binafsi Sh. 47,000 za nchi hiyo kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Watoto wengi walipata nafasi upesi ambayo wasingeipata. Lakini mwaka 2018 Serikali ilianza kuuondoa mpango huo, ikitaka fedha zake ziimarishe shule za umma.

Liberia iliwapa wasimamizi wanane shule 93 za umma mwaka 2016. Wanafunzi walijifunza zaidi kuliko wenzao, lakini gharama ilikuwa kubwa, na msimamizi mmoja aliwaondoa watoto wengi ili kupunguza msongamano. Hapo yaonekana kwamba mkataba usiposema wazi ni watoto gani wasiofukuzwa, wanyonge ndio watakaoondolewa kwanza.

Kwa hiyo, ikiwa Serikali itazisaidia shule za binafsi za karo ndogo, yapasa fedha na ukaguzi viingie kwa mlango mmoja. Shule ipokeayo isikatae mtoto. Hesabu zake zisomwe mbele ya wazazi. Na jengo lake likaguliwe kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa. Wala msaada huo usiwe sababu ya kuacha kutafuta viwanja na kujenga shule za umma. Mtoto wa Ngando hawezi kungoja miaka kumi mpaka kiwanja kipatikane. Lakini pia asiwekwe chini ya dari bovu kwa sababu tu hakuna pengine.

MAMBO YA KUULIZA

Wakati mashauri hayo yakiendelea, mzazi asikae kimya. Kabla ya kumwandikisha mtoto katika shule ya binafsi, na aulize mambo manne. Je, shule imeandikishwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, kama sheria ya elimu ya mwaka 2013 iagizavyo? Je, walimu wameandikishwa na Tume, maana sheria yawahusu hata wale wa shule za binafsi? Je, jengo limekaguliwa, na milango yatosha watoto kutoka upesi pakitokea hatari? Je, wazazi wana kamati inayoonyeshwa hesabu?

Mwenye shule aliye mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo. Atatoa cheti chake na kumkaribisha mzazi ndani.