Sheria na Aibu ya Mtoto

Mwaka 2016, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, binti wa miaka 16 aliwapelekea rafiki zake wawili, kwa simu, picha ya video ya aibu inayomwonyesha yeye mwenyewe. Urafiki ukavunjika, picha ikaenea shuleni. Alipoitwa na askari polisi wa shuleni, alilia, akaandika yote yaliyotokea, akidhani anasaidiwa ili picha isizidi kuenea. Kumbe mshitakiwa ni yeye. Mahkama ya watoto ilimwona ana kosa la kueneza picha chafu za mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye yeye! Akafungwa chombo cha kumchunga nyendo zake. Mwaka 2019 mahkama ya juu ya jimbo ikaithibitisha hukumu, kwa kuwa maneno ya sheria hayakumtoa yeyote.

Ama sisi hatusemi kuwa alilolitenda ni jambo dogo. Ni haramu, na binti wa miaka 16 kwetu ni baleghe, aandikiwa mema yake na mabaya yake. Lakini sheria ile ilitungwa kuwakinga watoto na watu wazima wanaowachezea na kuwafanyia biashara. Na hapa kinga imegeuzwa fimbo ya kumpigia aliyewekewa. Katika mwaka huo huo wa 2019, jimbo la Washington lilirekibisha sheria yake: kijana aliyepeleka picha yake mwenyewe asihesabiwe pamoja na wafanya biashara hao, bali anayeeneza ya mwenziwe abaki na hatia. Twaona hilo ni karibu zaidi na haki. Katika Suratun Nur onyo kali limewaangukia wanaopenda uchafu uenee. Ama aliyeteleza kwa siri, dini yetu humtaka ajisitiri na atubu.

Tena iko khatari nyingine. Picha ikishatoka, binti hana budi kumwendea mtu: mama, mwalimu au polisi. Ikiwa kila mlango anaoubisha una pingu nyuma yake, atanyamaza, na mwenye picha atazidi kumtisha na kumdai.

Na nyumbani kwetu je? Mama akiletewa khabari kama hii, asianze kwa bakora, wala asiionyeshe picha kwa shangazi na majirani ati wajionee wenyewe. Amsikilize mwanawe kwanza. Kisha aulizwe yule aliyeieneza, hata akiwa ni mtoto wa mwenye cheo.