Crescens, Mwendesha Magari wa Roma

Zamani za Warumi alikuwako kijana mmoja, jina lake Crescens. Asili yake ilikuwa Mauretania, nchi ya Afrika ya kaskazini, ambako leo ni Moroko na Algeria. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la mashindano mjini Roma. Habari zake tunazijua kwa kuwa zilichorwa juu ya jiwe, na jiwe hilo lilionekana Roma.

Lakini kwanza sharti mjue mashindano hayo yalikuwaje. Kati ya vilima viwili, Palatino na Aventino, palikuwa na kiwanja chenye urefu wa metre 600 hivi, kilichoitwa Circus Maximus. Watu zaidi ya 150,000 waliweza kuketi humo. Katikati ya kiwanja ulipita ukuta mrefu, na magari yaliuzunguka mara saba. Ili watu wasipotewe na hesabu, ziliwekwa sanamu saba za mayai, na kila mzunguko ulipokwisha moja iliondolewa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo na jepesi, lenye magurudumu mawili tu, likivutwa na farasi wanne sambamba. Mwendeshaji alisimama ndani yake. Hatamu za farasi alijifunga kiunoni, apate kuzivuta kwa uzito wa mwili wote. Je, gari likipinduka? Farasi hawakusimama, walimburura mavumbini. Ndiyo sababu alichukua kisu, azikate hatamu upesi. Mahali pa hatari kuliko pote palikuwa kwenye kona, mwisho wa ukuta. Kila mmoja alitaka kupita karibu, maana ndiyo njia fupi. Lakini gurudumu likigonga jiwe, gari lilivunjika vipande, na magari ya nyuma yakalipanda. Warumi waliita ajali hiyo kuvunjika kwa merikebu.

Palikuwa na vikundi vinne: cheupe, chekundu, cha kijani na cha buluu. Crescens alikuwa wa buluu. Waendeshaji wengi walikuwa watumwa, au watu waliopewa uhuru baada ya utumwa. Watu wakubwa waliwadharau kwa kazi yao, lakini mjini walishangiliwa kama mashujaa. Mwendeshaji mmoja wa chekundu, jina lake Felix, alipokufa, mwili wake ulichomwa kwa desturi ya Warumi. Mtu mmoja aliyempenda mno akajitupa motoni pamoja naye! Wapinzani wakasema: Hapana, alilevywa tu na harufu ya manukato. Hata katika msiba hawakutaka chekundu kipate sifa. Na huko Karthago wengine walichora laana juu ya bati la risasi, wakalizika, ili miguu ya farasi wa wapinzani ifungwe.

Turudi kwa Crescens. Alishinda mara ya kwanza mwaka 115 baada ya Kristu, naye alikuwa na miaka 13 hivi, umri wa mtoto wa shule!  Ushindi huo aliupata katika shindano la 24 la siku ile. Farasi wake siku ile waliitwa Circius, Acceptor, Delicatus na Cotynus. Majina yao pia yamo juu ya jiwe.

Tangu hapo hata mwaka 124 hesabu yake ni hii: alishindana mara 686, akawa wa kwanza mara 47, wa pili mara 130, wa tatu mara 111. Toeni wenyewe, mtaona kwamba mara 398 hakupata nafasi hata moja katika hizo tatu, na kila mara alipita kona zile zile. Fedha alizoshinda zilikuwa sestersi 1,558,346. Askari wa miguu wa Roma alipata sestersi 1,200 kwa mwaka mzima.

Jiwe linamtaja kuwa mwenye miaka 22. Hesabu yake inakomea hapo.