Je, Wajua? Gari Lenye Makovu ya Barabara Zetu Linatunzwa Japani

Katika mji wa Zama, nchini Japani, kampuni ya Nissan ina jumba linalohifadhi magari yake ya zamani. Mengi yanang'aa utadhani yametoka kiwandani jana. Datsun 240Z moja iko tofauti: nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni, bodi imebonyea. Ndiyo iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, Hans Schüller akiwa msoma ramani wake. Mafundi waliifufua hata ikawaka tena, lakini mabonyeo ya bodi waliyaacha.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa na uwanja wake. Magari yalikimbia kwenye barabara za kawaida, na njiani yakakutana na mabasi, malori na ng'ombe. Baadaye yalihamishiwa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimekolea.

Dereva wa Chato, Tanzania, anajua maana yake. Moramu ikikauka huota rasta zinazolegeza nati na kuua shokomzoba. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa majaruba ya mpunga Usukumani, una hila kuliko moramu: chembe zake hunyonya maji katikati ya matabaka yao, zikavimba na kuteleza. Tairi likizama humo huzunguka palepale. Katika Safari ya mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile.

Nissan haikushinda kwa bahati. Mwaka 1970 Herrmann na Schüller walikuwa wameshashinda kwa Datsun Bluebird. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta 240Z yenye injini ya silinda sita, takriban cc 2,400, inayosukuma magurudumu ya nyuma, kila gurudumu likiwa na springi na shokomzoba yake bila kutegemea jirani. Nafasi ya pili nayo ilikwenda kwa 240Z, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda Safari mara tano.

Kwa nini kampuni kubwa zisafirishe magari yao mbali hivyo ili yakapondwe? Kwa sababu ya biashara. Mnunuzi aliamini gari lililovuka tope na makorongo kuliko sifa za muuzaji. Peugeot 404 na 504, washindi wengine wa Safari, zilikuja kuwa teksi na magari ya abiria yaliyotegemewa kote Afrika Mashariki.

Fundi bodi wa Chato hulipwa aondoe mabonyeo kama yale ya Zama. Kule, nyundo moja ya kunyoosha ingefuta cheti cha ubora kilichoandikwa na barabara zetu wenyewe.