Utani kazini: mpaka wake uko wapi?

Msikilizaji, ukishuka katika kituo cha mwisho cha njia ya Victoria ya reli ya chini ya ardhi, kaskazini-mashariki mwa London, unatokea Walthamstow, mahali penye soko refu la barabarani ambako si ajabu kusikia Kiswahili cha Tanga au cha Mombasa kati ya meza za bamia na mihogo. Hapo nilizungumza na dada mmoja mwenzetu, mzaliwa wa Tanga, anayefanya usafi maofisini. Aliomba nisimtaje jina, kibarua kisije kikaota nyasi. Kila jioni, alisema, kijana anayemsimamia humpokea kwa neno juu ya maungo yake, na wenzake hucheka. Alipolalamika aliambiwa kuwa huo ni utani tu.

"Kaka," aliniuliza, "hapa mtani wangu ni nani?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kwetu utani una kanuni zake. Mnyamwezi anaweza kufika kwenye msiba wa Mzaramo akamkejeli marehemu mbele ya wafiwa na asiguswe, kwa kuwa Mzaramo naye ana haki hiyo hiyo zamu yake ikifika. Watani hujuana, na kila mmoja anaweza kujibu. Lakini anayepanga zamu si mtani wa anayefagia. Huyu akithubutu kujibu, wiki ijayo huenda asipangiwe kazi.

Sheria ya Uingereza imekaribia mahali hapo kwa njia yake yenyewe. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kinaeleza kuwa mwenendo usiotakiwa na unaohusiana na jinsia ni unyanyasaji pale unapokuwa na lengo au matokeo ya kuvunja heshima ya mtu, au ya kumwekea mazingira ya vitisho, uhasama au fedheha. Ni hilo neno dogo "au" linalomnyima mwenye mzaha kinga yake: haitoshi kuapa kwamba hukukusudia ubaya. Hata hivyo, mlalamikaji hashindi kwa sababu tu ameudhika. Mahakama hutazama alivyojisikia yeye, mazingira yote ya jambo lenyewe, na kama ni haki kusema kuwa neno lile lingeweza kuleta athari ile.

Je, neno moja latosha? Kesi iliyoingia katika ripoti za sheria mwaka 1995 ilihusu kampuni ya usafi iitwayo Insitu. Msimamizi mmoja mwanamke aliingia mkutanoni, na meneja, mwana wa mkurugenzi na mwenye karibu nusu ya umri wake, akamsalimu kwa kutaja ukubwa wa matiti yake. Kampuni ilijitetea kuwa kauli moja si kitu, tena ni sawa na kumtania mwanamume kwa upara wake. Mahakama ya rufaa za ajira ilizikataa hoja zote mbili.

Upara huo nao ulirudi mahakamani. Mwaka 2022 fundi umeme wa Yorkshire, aliyekuwa amekitumikia kiwanda kimoja kwa karibu miaka 24, alishinda baada ya kutukanwa kwa upara wake pamoja na neno la matusi. Waamuzi walisema kuwa upara huwapata zaidi wanaume, kwa hiyo tusi lile lilihusiana na jinsia yake, na rufaa ya mwaka 2023 haikuubadili msimamo huo.

Nami siwezi kujitoa. Miaka ya nyuma, katika chumba kimoja cha habari, mhariri alimwambia mwenzetu wa kike asome taarifa "kwa sauti ya chumbani". Nilicheka pamoja na wengine. Aliisoma, na baada ya miezi michache akaacha kazi. Hakuna aliyemuuliza sababu.

Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri nchini Uingereza hatakiwi tena kungoja malalamiko. Analazimika kuchukua hatua zinazofaa kuzuia unyanyasaji wa kingono, na akizembea fidia yaweza kuongezwa hadi asilimia 25. Nyumbani nako sheria zipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera juu ya jambo hili, na ile ya Tanzania ya mwaka 2004, ya Ajira na Mahusiano Kazini, inauhesabu unyanyasaji kuwa ni aina ya ubaguzi.

Kwa mlalamikaji wa hapa, muda wa kufungua shauri huhesabiwa kwa miezi tu, na kwanza hana budi kuiarifu ACAS, taasisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Kwa hiyo kumbukumbu ni muhimu: tarehe, maneno yenyewe, na nani alikuwapo.

Dada yule alilijua hilo. Alifungua mkoba akanionyesha daftari la shule lililojaa hadi katikati, lote kwa Kiswahili, isipokuwa yale maneno ya kijana, ambayo ameyaandika kwa Kiingereza kama alivyoyasikia.